Walinambia nifute niweke upya, nikatii mara tatu

Nina steshenari ndogo Mwanakwerekwe: kompyuta moja ya mezani, printa mbili (moja mgonjwa) na mashine ya kutolea kopi. Kazi yangu karibu yote inapita kwenye Firefox, ile programu ya kuingilia mtandao. Siku hiyo umeme ukakatika saa tano asubuhi, niko katikati ya kumjazia kijana mmoja fomu ya chuo. Kukatika si jambo, sisi tuliokuwapo Unguja ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatushtuki kwa nusu saa. Makubwa yalikuja umeme uliporudi. Nabonyeza Firefox, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kinapotea. Nabonyeza tena, kinakuja kiboksi kinasema Firefox tayari inafanya kazi ila haiitiki, niifunge kwanza ile ya zamani. Ya zamani ipi, na kioo kitupu?

Hilo nililimaliza mwenyewe. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikaja orodha ya programu zote zinazoendelea, na kweli ilikuwamo, imejibanza chini kama paka mvunguni. Nikaizima. Nikajiona fundi. Nikabonyeza kwa madaha: kiduara, kisha kimya. Mara hii hata kile kiboksi hakikuja.

Hapo ndipo washauri walipojaa dukani. Kuzima na kuwasha nilishafanya, msinambie. Jirani wa duka la vitambaa akasema, "Dada, hivyo virusi." Kijana wa simu wa upande wa pili: "Futa, weka upya." Nikafuta, nikaweka upya kwa bando la simu yangu. Kimya. Kijana akasema labda sikufuta vizuri, nikafuta tena, bando likakata roho pale pale. Kijana wangu wa fomu alishakwenda kujaza kwa mwengine.

Kesho yake nikaifunga CPU kwenye kanga, nikaipakata kwenye daladala mpaka Darajani. Konda akanitazama. "Huyo mtoto naye atalipa?" Gari zima likacheka. Nami nilicheka, lakini kwa nje.

Fundi akafanya nini? Akafuta, akaweka upya. Ya tatu hiyo. Ilipokataa akaniegemea mezani: "Bi mkubwa, hapa tupige Windows mpya. Elfu thelathini tu." Nikamuuliza, na vitu vyangu? "Vitaondoka, lakini mashine itakuwa nyepesi." Nyepesi! Ndiyo, hata nyumba huwa na nafasi ukitupa vyombo vyote barabarani. Nikamwachia elfu tano yake ya kuangalia, nikafunga kanga yangu, nikarudi. Na Bi mkubwa ni mamaake, mimi hata hamsini sijafika.

Dawa aliileta mwanangu bila kujua. Jioni karudi skuli, kaja dukani kuningoja, akawasha kompyuta akaingia kwa jina lake, maana nilimfungulia akaunti yake humo asije akanichezea mambo yangu. Mara namsikia: "Mama, mbona Firefox inafunguka?" Nikaacha kuhesabu karatasi. Nikasogea. Imefunguka kama haijawahi kuumwa. Akatoka, nikaingia kwa jina langu: kiduara, kimya. Akaingia yeye: inafunguka. Tulifanya hivyo mara nne, mie nataka kuamini.

Basi fikirieni na nyie. Mashine ile ile, programu ile ile, kwake yafunguka, kwangu haifunguki. Programu ingekuwa mbovu ingetukataa sote. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye vitu vyangu mimi. Tukakaa na simu, yeye anasoma Kiingereza mimi natafsiriwa, ndipo nikajua kuwa Firefox huweka alamisho (zile kurasa ulizozitia alama uzirudie), paswedi na mipangilio yako kwenye folda ya peke yake, wanaiita profaili, na ukiifuta programu kwa njia ya kawaida folda hiyo haiguswi. Ukiweka upya, inakwenda moja kwa moja kwenye profaili ile ile iliyoharibika. Mara tatu nimebadilisha mlango, na mgonjwa kalala chumbani!

Nikashika kitufe cha Windows na R, nikaandika firefox -P. Nafasi kabla ya kistari, mie niliiruka mara ya kwanza nikatukanwa na kompyuta. Kikaja kidirisha chenye majina ya profaili, nikaunda mpya nikaiita "duka". Ikafunguka. Nilipiga kigelegele peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Ila ilikuwa tupu kama siku ya kununuliwa. Ikabidi nivichukue vyangu kule kwa mgonjwa. Funga Firefox kwanza, kisha shika tena Windows na R, andika %APPDATA%, ingia Mozilla, Firefox, Profiles. Utakuta folda zenye majina kama mtu kakalia kibodi. Kutoka folda ya zamani nikanakili places.sqlite, hiyo ndiyo yenye alamisho, na logins.json yenye paswedi, nikazitia kwenye folda ya "duka". Alamisho zikaja, paswedi hata moja. Nikanakili tena, wapi. Nusu saa nzima najilaumu, kumbe paswedi zimefungwa, na ufunguo wake ni faili jengine, key4.db. Nimebeba kasha la mahari nikauacha ufunguo ukumbini. Nilipozihamisha mbili pamoja, zote zikajaa. Na msije mkajitia ujanja mkahamisha folda nzima, mtahamia na ugonjwa wenu.

Sasa nimenunua betri ya akiba ya mtumba, laki na kitu, umeme ukikatika napata dakika za kufunga kwa heshima. Ile folda ya zamani iko pale kwenye kioo cha mbele cha kompyuta, nimeipa jina "marehemu". Sijaifuta. Mwanangu ananicheka kila akiwasha.