Fomu ya duka la leso

Kuna duka la leso (kanga) la jumla pale Biashara Street ninalolitengenezea hifadhidata kwa Access, programu ya Microsoft. Majedwali ni matatu tu: wateja, bidhaa, mauzo. Hayo hayana maneno. Kazi iko kwenye fomu, na hasa kwenye vile viandishi vidogo vinavyokaa kando ya visanduku.

Ukiburuta uga (yaani safu moja ya jedwali, kama tarehe) kuuweka kwenye fomu, Access hukupa kisanduku pamoja na lebo yake, na lebo hiyo hujiandika jina la uga kama lilivyo jedwalini. Ndiyo maana fomu nyingi za madukani utazikuta zimeandikwa "Tarehe_Mauzo" na "MtejaID", mambo ya fundi, si ya muuzaji. Yangu ilikuja na "Idadi". Mwenye duka akavaa miwani, akasogea karibu na skrini. "Mwanangu, idadi ya nini? Mimi nauza doti, na korja nauza."

Hapo hapana ubishi. Doti ni jozi, korja ni ishirini. Tano ya doti na tano ya korja ni fedha mbali mbali kabisa. Nikaongeza orodha ya kuchagua, "Doti" au "Korja", nikaiweka kabla ya idadi, kisha nikapanga mfuatano wa Tab, kile kitufe cha kibodi cha kurukia kisanduku kinachofuata, ufuate mdomo wa mteja: leso gani, kwa doti au kwa korja, ngapi, bei. Msichana wa kaunta haishiki mausi tena mpaka amalize. (Lebo ikikaa vibaya, ishike kwa ule mraba mkubwa wa pembeni juu kushoto, itasogea peke yake, kisanduku kibaki.)

Vitufe navyo vina siasa yake. Access huhifadhi rekodi yenyewe ukihamia nyingine au ukifunga fomu, kwa hivyo kitufe cha "Hifadhi" si lazima. Nimekiweka hata hivyo. Mtu aliyezoea kalamu na daftari hawezi kuamini kitu kimeandikwa bila yeye kubonyeza chochote, na mimi sioni faida ya kumbishia. Picha sikuweka, ni maneno matupu, makubwa, yanasomeka hata kwa asiye na miwani.

Jambo moja kwa mafundi wenzangu: kitufe kipya huja na jina la ndani kama Command12. Libadilishe kabla hujaandika msimbo wowote, kwani msimbo wa kubofya hufuata jina hilo; ukilibadilisha baadaye, kitufe kitabofywa na kisijibu kitu.

"Funga" nimekipeleka chini kulia, peke yake, na alama ya & nimeitia kabla ya n, kwa hivyo Alt+N yatosha kuifunga fomu. Nilikusudia "Futa" kiwe mbali nacho, maana kwa mtu mwenye haraka maneno hayo mawili yafanana, na rekodi ikishafutwa na ukakubali lile onyo, hairudi. Nikamuuliza mwenye duka akitaka kiwe wapi.

"Cha nini? Mimi hata daftarini sifuti. Napiga mstari."

Basi "Futa" hakipo. Pana kisanduku cha tiki, "Imebatilishwa", na jumla ya siku haizushi tena swali la nani alifuta nini: mauzo yenye tiki hayahesabiwi, lakini yaonekana.