Nilivyoacha kupima nguvu ndipo nikazijua chaneli zilizo wazi

Ushauri mbaya ulinila miezi miwili. Kila niliyemuuliza redio tambuzi (redio inayotafuta chaneli isiyotumika ili irushe humo) itajuaje kwamba chaneli ya televisheni iko wazi, alinijibu vilevile: pima nguvu ya mawimbi, weka kizingiti, kinachozidi ni kituo. Kituo dhaifu kikikuponyoka, sikiliza kwa muda mrefu zaidi.

Nikafanya hivyo kwa RTL-SDR, kile kidude cha USB cha bei nafuu cha kupokelea mawimbi ya redio. Niliweka kizingiti asubuhi kikiwa bado baridi. Kilipopata joto, kiwango cha kelele (mawimbi ya ovyo yanayosikika hata pasipo na kituo) kikawa kimesogea na chaneli tupu zikaonekana zimejaa. Nikapandisha kizingiti, kituo cha mbali nilichojua kipo kikapotea. Nikazima geini ya otomatiki, yaani ukuzaji wa mawimbi unaojibadilisha wenyewe (hilo lifanye mapema), nikang'oa antena na kufunga mahali pake mzigo wa omu 50, kizuizi kisichopokea mawimbi, ili nipime kelele peke yake. Afadhali kidogo. Nikaongeza muda kutoka sekunde 1 hadi 30, wapi! Ukikosea makadirio ya kelele kwa desibeli 1 tu juu au chini, kituo kilicho chini ya kelele kwa desibeli 4 hukigundui kwa kupima nguvu, hata usikilize mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia hili.

Nilikuja kushika mkia, kweli mkia. DVB-T, mfumo wa televisheni ya dijitali ya antena, hurushwa kwa OFDM, yaani data hugawanywa kwenye mawimbi mengi membamba na kutumwa kwa vipande vya muda viitwavyo simboli: mwisho wa kila simboli hunakiliwa na kubandikwa mwanzoni mwake. Katika modi ya 8K (ile yenye mawimbi membamba mengi zaidi), kwenye chaneli ya MHz 8, nakala na asili yake zimeachana mikrosekunde 896. Kelele haijirudii hivyo. Nikachukua sampuli milioni 2 kwa sekunde, kila sampuli nikaizidisha na konjugeti (namba ileile, ila sehemu yake ya kufikirika imegeuzwa alama) ya ile iliyo mbele yake kwa sampuli 1,792, nikajumlisha, nikagawanya kwa nguvu yote. Kwa kuwa ni uwiano, geini ikipanda au ikishuka hainisumbui tena. Nilihofia kwamba kidude kinasikia MHz 2 tu kati ya 8, lakini kila kipande cha chaneli kina mkia huohuo. Kile kituo kilichopotea kikachomoza kama mlima! Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Kisha nikahamishia antena dirishani. Chaneli mbili nilizokwisha kuziandika tupu zikatoa kilele. Ukuta ndio uliokuwa umenificha vituo, huku mwenye antena juu ya paa akivipata safi, na redio yangu ingemharibia matangazo. Sasa siandiki chaneli tupu kabla sijaipima kutoka sehemu tatu.