Alteneta ya gari ilinichosha, mota ya tredimili ndo ikanipa umeme wa upepo

Mtu akikwambia chukua alteneta ya gari, ile inayochaji betri injini ikizunguka, ifunge mapangaboi basi umeshapata umeme wa upepo, muulize swali moja tu: ya kwako iko wapi tukaione? Mi sikuuliza. Niko huku Ikungi, Singida, upepo tunao mpaka tunaugawa, mradi mkubwa wa upepo wa mkoa tumekuwa tukiusikia miaka nenda rudi, na sola yangu ndogo ilikuwa inaniangusha usiku hasa miezi ile ya Juni mpaka Oktoba ambayo ndo upepo unavuma hadi bati zinalia. Nikasema huu upepo unapita bure.

Fundi umeme wa magari mmoja pale mjini akanipa somo la dakika mbili. "Mwalimu, alteneta si inazungushwa? Upepo si unazungusha? Sasa hapo ugumu uko wapi?" Kwa kweli ukisikiliza haraka haraka unaona jamaa ana akili. Akaniuzia alteneta kuukuu ya gari dogo kwa hela ambayo sitaitaja.

Nikafunga mapanga, nikapandisha kwenye mti wa majaribio, upepo wa Julai ukaja umenuna, likazunguka vizuri tu, watoto wanashangilia. Naweka mita kwenye betri: 12.2. Nasubiri. 12.2. Baadaye 12.1! Yaani badala ya kuchaji inakunywa. Nikampigia fundi akaniambia "ongeza spidi, weka mkanda". Haya, nikatafuta rimu ya baiskeli iwe puli kubwa, alteneta nikaiachia puli yake ndogo, mkanda katikati. Sasa likawa haliwashi lenyewe, lazima upande ngazi ulisukume kwa mkono, na likishashika spidi tu ule umeme wa kuamsha koili unaingia, mzigo unakuja, linasimama. Unapanda tena unasukuma. Mama watoto akatoka nje akaniangalia pale juu ya ngazi, akasema "baba, sasa umeme ni wa upepo au ni wa kwako?" Mtaa mzima wakaidaka hiyo.

Ubaya wa alteneta uko hivi na yule fundi angepaswa kuujua. Ndani haina sumaku ya kudumu, ina koili inayotaka umeme wa betri kwanza ndo igeuke sumaku, hizo ni ampea kadhaa zinaondoka kabla hujapata chochote. Halafu injini ya gari hata ikiwa sailensa, yaani inanguruma tu gari limesimama, iko mzunguko 700, 800 kwa dakika, na puli zinaizidishia alteneta mara mbili au zaidi, kwa hiyo inazoea elfu moja mia tano, elfu mbili. Mapangaboi ya upana kama wangu upepo wa kawaida yanakupa mia tatu, mia nne. Hapo hamuelewani kabisa.

Kinachotakiwa ni mota yenye sumaku ya kudumu inayotoa volti mapema, na mota hiyo imelala kwenye mashine mbovu za kukimbilia za jimu, ndo tredimili zenyewe. Zinakuja na mitumba kutoka Ulaya, mkanda ukichanika au saketi ikiungua watu wanazitupa kwa mafundi chuma. Soma kibandiko: ukiona DC, yaani umeme kama wa betri, volti 130 hivi kwa mzunguko elfu nne, gawanya, ni kama mzunguko 30 kwa kila volti moja, kwa hiyo kufika volti 14 za kuchaji unahitaji mia nne na ishirini hivi. Hiyo mapanga yanafika. Kuna tredimili zenye mota ya AC, ya umeme kama wa ukutani, hizo ziache.

Sasa utajuaje mota ni nzima na muuzaji hana umeme wa kujaribia? Hii ndo raha yangu. Zungusha shafti kwa mkono waya zikiwa zimeachana, itateleza laini. Halafu gusanisha zile waya mbili nene, zisokote pamoja, zungusha tena. Kama sumaku ziko hai itakuwa nzito ghafla kama unazungusha ndani ya tope. Kama uzito ni uleule, sumaku zimechoka au kaboni, vile vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, hazigusi, rudisha mezani. Muuzaji aliniangalia nikifanya hivyo kwenye mota zake zote akadhani nina wazimu, akanipunguzia bei ili niondoke. Elfu sitini, sabini, hapo katikati.

Mapanga nilikata kwenye bomba la PVC la inchi 6, lile la ukuta mnene, sio la maji taka jepesi. Matatu, kila moja sentimita 80, upana wa duara ukaja mita 1.6. Hapa watu wengi wanapotea, kila anayekuja anauliza mota ina wati ngapi, mota mota mota. Mota haikamati upepo jamani, kinachokamata ni lile duara la mapanga. Ile mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kule Kenya, iko 365, kila mmoja duara lake ni mita 52 na inatoa kilowati 850. Upana ukizidisha mara mbili eneo linakuwa mara nne. Na spidi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu inakuwa mara nane, nane kweli sio mbili, ndo maana siku nyingine unapata kaumeme ka kuchajia simu na siku nyingine unatafuta pa kuumwaga. Ila usitegemee kuuchukua wote. Mjerumani Albert Betz alishapiga hesabu mwaka 1920 kwamba panga lolote haliwezi kuvuka asilimia 59 ya nguvu ya upepo, na haya ya bomba nadhani yanachukua 20, siku nzuri 25, nimeridhika.

Ushauri mwingine wa hovyo: weka juu ya paa. Kuna mwalimu mwenzangu aliweka, bati zikawa zinaunguruma usiku kucha, akashusha. Na upepo ukishapiga ukuta na paa unavurugika, mapanga yanageuka geuka hayajui yaelekee wapi. Mi nilisimamisha mbali na nyumba, bomba mbili za chuma za mita 6 zimeungwa, chini kuna bawaba ili liinamishwe, waya za stei pande nne. Miembe iko magharibi na upepo wetu unatoka mashariki kwa hiyo hainisumbui. Waya wa umeme umepita ndani ya bomba ukining'inia tu, unajisokota taratibu, mara moja moja nachomoa plagi chini nausokotoa.

Dayodi ni lazima, ni kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, uende kwenye betri usirudi. Kabla sijaifunga nilifanya makusudi siku moja ya utulivu, nikaunga betri moja kwa moja, mota ikageuka feni, mapangaboi yanazunguka na hakuna hata jani linalotikisika. Mzee mmoja jirani akasimama barabarani muda mrefu, akaja. "Mwanangu, hicho kinazungushwa na nini leo?" Nikamwambia mzee, hicho kimeshazoea. Akaondoka bila kuaga, na tangu siku ile hakuna mtu wa kugusa waya zangu za stei. Ningefunga dayodi kimya kimya nisingepata ulinzi huo.

Swichi ya breki nayo ni muhimu, ni ule ule mchezo wa kugusanisha waya: unafunga swichi, mota inakuwa nzito, mapanga yanatulia. Iwe upande wa mota kabla ya dayodi, ukiiweka upande wa betri utachoma nyumba. Na ifunge mapema upepo ukiwa bado na adabu, ukishachachamaa unaweza kuunguza mota.

Upepo unaoanza kunichajia ni ule unaoinua vumbi na kupeperusha makaratasi. Kawaida mita inasoma ampea tano sita, upepo ukikasirika inafika kumi. Taa, simu za mtaa mzima, redio, inveta ndogo ya TV.

Kijana wa duka la sola alinilazimisha nitumie kontrola ya sola, kile kifaa kinachozuia betri isizidishiwe chaji, eti ni kitu kile kile. Sio. Ya sola betri ikijaa inakata, paneli haina neno, lakini pangaboi ukilikatia mzigo linaenda mbio mpaka litawanyike. Nikaagiza kontrola ya upepo, ile yenye njia ya kumwagia umeme wa ziada. Na mimi ziada yangu nimeimwaga kwa vifaranga, wapate joto. Balbu tatu za taa za gari, wati 55 kila moja, ziko ndani ya debe lenye wavu mbali na maranda, usiku wa upepo mkali ambao ndo huwa na baridi kali betri inajaa zinawaka zenyewe. Jiko la mkaa lipo pembeni kwa ajili ya usiku upepo ukilala, lakini gunia la mkaa sasa linakaa kweli kweli.

Jumla sijui, laki nne na kitu, nauli na soda za vijana wa kuvuta kamba sijaweka. Kaboni nimebadilisha mara moja, nilichukua za drili nikazisugua kwenye msasa mpaka zikaenea. Yule fundi wa alteneta alipita juzi, akaangalia juu, akaniuliza mota nilipata wapi. Nimemwelekeza kwa muuzaji. Ya akiba ninayo moja, na haiuzwi.