Kidole cha Pete

Mkesha wa Pasaka, mishumaa ilipozimwa kanisani, harufu ya nta ilinirudisha Pietrasanta, mji wa karakana za sanamu huko Italia, nikiwa palepale kwenye benchi, nimempakata mwanangu.

Sanamu ya Bikira Maria tuliyoisubu kule ilipita mita tatu. Miezi ya udongo na ya kuchukua kalibu naiacha. Sanamu kubwa hivyo haisubiwi nzima. Hukatwa vipande, na mimi Maestro, fundi mkuu wangu, alinikabidhi mkono wa kulia, ukiwa bado wa nta. Niubandike mirija, nayo ya nta: mmoja mnene wa kuingizia bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, mitano myembamba ya kutolea hewa, kila kidole na wake. Ukajazwa ndani na kufunikwa nje kwa jasi na matofali yaliyosagwa, ukakaa tanurini siku kadhaa hadi nta yote ikayeyuka na kutoka. Mkono niliouhangaikia hivyo haukuwepo tena. Pale ulipokuwa pakabaki uwazi wa milimita tano hivi, unangoja shaba na bati.

Siku ya kusubu hakuna aliyeongea. Kalibu zilikuwa zimefukiwa shimoni, midomo ya mirija tu ndiyo inaonekana. Mafundi wawili wakainua chungu motoni. Bronzi ilikuwa imepita nyuzi 1,100, rangi ya chungwa bivu, juu yake utando uliojikunja kama wa maziwa. Wakamimina bila kusita. Nikapiga magoti kuitazama ile midomo, maana bronzi ikichungulia pale, ujue kidole kimejaa. Wa gumba ukawaka. Wa shahada. Wa kati. Wa kidole cha mwisho. Wa pete ukabaki mweusi. Niliukodolea macho hadi yakawasha, nikiuomba kwa Kiswahili: panda, tafadhali, panda. Chungu kikaondolewa.

Tulipovunja kalibu, kidole cha pete kilikuwa kimeishia kiungo cha kwanza. Maestro akakipapasa kile kisiki kwa gumba lake, akaniuliza kama nimekula. Kisha akaenda kuchukua nta.

Mkono wa pili ulitoka kamili. Ukachomelewa, ukapigwa tupa, ukapakwa dawa huku ukichomwa moto hadi ukawa kahawia. Labda mrija wangu uliziba. Labda kalibu ilikuwa imepoa mno. Sikumuuliza, na sasa Maestro hayupo.

Tangu hapo, kanisa lolote niingialo, nahesabu kwanza vidole vya sanamu. Usiku ule wa mkesha mwanangu aliona midomo yangu inacheza, akafuata macho yangu, akaanza kuhesabu na yeye.