Nilivyoitoa Datsun yangu kwa hisani

Miaka 19 nilikaa na Datsun 240Z ya mwaka 1972, na katika miaka yote hiyo sidhani kama niliiendesha zaidi ya kilomita 6,000. Aliyewahi kufuatilia Safari Rally anaijua gari hiyo. Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda baada ya kulingana pointi na Harry Källström. Nami niliinunua ili niitazame, ingawa wakati ule nisingekubali kusema hivyo.

Sasa mgongo umegoma. Kuingia ndani ya gari ile ni kuchuchumaa, na kutoka ni kuomba msaada. Watoto wangu hawaitaki, mmoja aliniambia waziwazi kwamba inanuka petroli. Ni kweli, inanuka. Nikaamua kuitoa kwa shirika dogo linalowanunulia watoto vifaa vya kusikia, nikidhani kazi yenyewe ni kukabidhi ufunguo na kadi ya gari, basi.

Kwanza nilipiga simu kwa kampuni moja inayokusanya magari kwa niaba ya mashirika ya hisani. Waliniuliza maswali mawili: inawaka? ina tairi? Wakaniambia gari la kuvuta lingefika kesho yake. Nilipouliza itauzwa wapi, wakajibu ni mnada wa magari yote, hata yaliyogongwa. Nilipouliza shirika litabakiwa na nini wao wakishakata chao, wakaanza kunipiga chenga. Kwa gari chakavu la kawaida sioni ubaya wa utaratibu huo, maana unakuondolea mzigo uwanjani. Lakini gari la wakusanyaji lina thamani machoni pa watu wachache wanaojua wanachokitazama. Ukiwakosa hao, unauza chuma.

Nikamwendea mkurugenzi wa shirika lenyewe. Hakunificha. "Mzee, tunashukuru sana, lakini gari hatuna pa kuliweka wala pesa ya kulikatia bima. Sisi tunahitaji fedha." Tukaongea habari ya bahati nasibu, tukaiacha. Vibali vyake ni vingi, na mshindi anaweza kuwa mtu asiye hata na gereji. Tukakubaliana kwamba shirika lipokee gari na kuliuza lenyewe, kwenye mnada wa magari ya kale.

Wengi wameniuliza kwa nini sikuuza mwenyewe nikatoa pesa. Kuna suala la kodi: mahali pengine faida ya mauzo hutozwa ukiuza wewe lakini haitozwi likiuza shirika, na nafuu ya mtoaji huweza kufuata tathmini au bei iliyopatikana mnadani. Muulize mtaalamu wa kodi kabla ya kusaini chochote, kwa sababu baada ya kusaini atakuonea huruma tu. Sababu yangu ya kweli lakini ni nyingine. Pesa ikipita mkononi mwangu hupungua njiani.

Matayarisho yalichukua miezi minne. Nilimtafuta mthamini asiyenunua wala kuuza magari, asije akawa na maslahi yake katika bei. Alikuja na sumaku, tochi na kifaa cha kupima unene wa rangi, akalala chini ya gari karibu saa nzima. Hizi 240Z huliwa na kutu chini ya betri, sakafuni na nyuma ya milango. Nyuma ya mlango wa kushoto sumaku haikushika: puti, ile ya kuzibia bati lililoharibika. Aliyeniuzia aliapa kwamba bodi haijaguswa, nami miaka 19 nimekuwa nikiwaapia wengine vivyo hivyo. Mthamini akasema tuiandike puti hiyo kwenye maelezo ya mnada, kwani mnunuzi akiigundua mwenyewe hataamini tena na mengine yote.

Habari njema ilikuwa chini ya boneti. Injini ni ile ile ya L24, silinda sita, sentimita za ujazo 2,393, na namba yake inalingana na ya kwenye kibao cha kiwandani. Fundi wangu alitaka sana kupiga rangi upya. Mthamini alimzuia: rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo humvutia mkusanyaji kuliko rangi mpya inayong'aa, ambayo humfanya ajiulize kilichofichwa. Tulisafisha tangi na kabureta zote mbili, tukatengeneza breki, tukabadilisha tairi zilizokuwa zimepasuka kwa uzee huku kashata zake bado nzima. Nikarudisha usukani wa asili niliokuwa nimeutupia stoo. Risiti nikazipanga kwa miaka, moja moja, kazi iliyonichosha kuliko kabureta.

Kwenye hati ya kukabidhi nilitaka kuweka sharti kwamba gari lisije likafumuliwa kuwa spea. Mkurugenzi akaniuliza nani atamfuatilia mnunuzi wa tatu au wa nne. Nikalifuta, kwa shingo upande. Shirika likapanga bei ya chini isiyoshukwa, na mwenye mnada akasamehe kamisheni ya muuzaji. Usafiri nililipa mimi.

Mnada wenyewe ulikuwa dakika chache. Bei ilipita ile ya chini, haikufika niliyokuwa nikiiota usiku.

Wiki tatu baadaye nikaletewa faini kwa jina langu. Umiliki ulikuwa bado haujabadilishwa kwenye usajili, na kilichoniokoa ni nakala ya hati ya kukabidhi yenye tarehe, saa na sahihi mbili. Ukitoa gari, peleka mwenyewe taarifa kwa wasajili siku hiyo hiyo, usimwachie mtu. Faini yenyewe ilikuwa ya mwendo kasi. Angalau huyu anaiendesha.