Kanzu mbili, na swali la askari

Maharagi ya kupeleka kwa wafungwa yanapikwa usiku. Ukiyaanza asubuhi utafika kasho, yaani mahabusu, saa nane mchana, askari wa zamu wameshabadilishana, na wewe unaanza upya kujieleza ni nani na sufuria ina nini. Wamama wa jumuiya yetu, hapa Lubumbashi, wamelijua hilo miaka mingi. Jumamosi jioni makala, mkaa wetu, yanawashwa, chumvi inatiwa mwishoni, na Jumapili baada ya misa ya kwanza tunashuka na ndoo mbili zenye vifuniko, bukari (ugali) imefungwa ndani ya plastiki, na sabuni iliyokatwa vipande. Sabuni ndiyo inayogombaniwa kuliko chakula.

Kazi hiyo naipenda. Kusema kweli nilikuwa naionea fahari kidogo, hasa pale paroko alipotutaja katika matangazo.

Juma hili nimerudi kwa Yohane Mbatizaji, Luka sura ya 3, mstari wa 10 hadi wa 14. Makundi matatu yanamjia na swali lile lile: tufanye nini? Makutano anawajibu, “Mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu; na mwenye vyakula na afanye vivyo hivyo.” Hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapokoma. Hapo ndipo nami nilikuwa nikikoma na watoto wa katekesi, maana kanzu ni rahisi kueleza, na kila nyumba ina nguo ambayo hakuna anayeivaa tena. Wanafuata watoza ushuru: “Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.” Kisha askari: “Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mishahara yenu.”

Tazameni alichokiacha. Askari hakuambiwa atoe sadaka. Hakuambiwa apeleke maharagi kwa aliyemfunga. Ameambiwa asimfunge kwa uongo, basi. Nikifika kwenye mstari huo huwa naharakisha, kwa sababu viti vya nyuma vina askari wawili watatu, watu wema, mmoja wao ni baba wa ubatizo wa mtoto wangu. Na ukisoma “mtoshewe na mishahara yenu” katika kanisa la Kongo, watu wanaguna. Mshahara upi? Ule uliochelewa? Nawaelewa. Ila Yohane hakungoja mishahara ipandishwe ndipo aseme.

Sasa niwaambie la kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kasho kimoja cha mji huu, tulimkuta kijana mwuza makala. Mnawajua vijana hawa: wanaingia mjini alfajiri kutoka porini, kinga, baisikeli yao, imebebeshwa magunia mpaka haionekani, na mwenyewe anaisukuma akiwa ameinama kama anayesukuma nyumba. Huyu alikuwa amelipa kwenye bariere ya kwanza, kizuizi cha barabarani, akapewa karatasi. Bariere ya pili wakamwambia karatasi hiyo si ya kwao. Akabisha. Mchana huo huo alikuwa ndani, kosa lake kumtukana ofisa. Siku tuliyofika ilikuwa ya 19, naye alikuwa hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote. Siku zile alizihesabu kwa kengele ya parokia, inasikika mle ndani.

Alikula haraka, akajipangusa mkono kwenye suruali, akauliza kwa sauti ya chini:

“Papa Mwalimu, katika ninyi kuna mwenye kujua kuandika barua?”

Mimi nafundisha Kifaransa darasa la sita. Nimeandika barua za mahari, barua za kuomba mchango wa kilio, barua ya jirani aliyetaka kwenda Zambia. Katibu wa jumuiya ni mimi. Lakini askari alikuwa amesimama hatua mbili tu, na mlango wa kasho lile tuliruhusiwa kwa hisani yake, si kwa karatasi. Nikaona ndoo zetu zinarudishwa. Nikawaona wengine 30 waliokuwa wanangoja zamu yao ya bukari. Nikamjibu, “Tutaona, mwanangu.”

Kila mmoja wetu anajua “tutaona” ina maana gani.

Mwezi uliofuata hayumo. Mama yake nilimkuta sokoni Kenya, mtaa wa mji wetu huu, anauza nyanya kwa mafungu. Walilipa “amande”, yaani faini, akasema, bila karatasi yoyote. Pesa ilitoka wapi? Waliuza kinga. Kijana sasa anapakua mizigo ya watu. Mama yule alinishukuru kwa maharagi. Alinishukuru mara mbili, akaniongezea nyanya moja juu ya fungu, nami nikaipokea.

Wakongo wote, hata mtoto wa chekechea, tunajua artikle 15, kile kifungu cha mzaha: jidebruye, kila mtu ajitafutie njia yake. Katiba ya kweli, ile ya tarehe 18 Februari 2006, tunaijua kidogo sana. Kifungu cha 17 kinasema uhuru ndiyo kanuni, kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa, ndani ya saa 48 aachiliwe au apelekwe mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Saa 48! Yule kijana alikuwa na siku 19. Mimi nilikuwa na Kifaransa chote cha kuliandika hilo katika mistari minne.

Mtu atasema, kijana mmoja na kinga moja, jambo dogo. Lakini magereza yetu yanajaa hivi hivi, mmoja mmoja. Gereza kuu la Kinshasa, ambalo jina lake ni lile lile la mkaa wetu, Makala, lilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, na wengi wao hawakuwa wamehukumiwa bado. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba mwaka huo walijaribu kutoka, na serikali yenyewe ikahesabu waliokufa 129. Wachache walipigwa risasi. Wengi walikanyagana na kukosa pumzi. Sisi wa huku tusinyoshe kidole upande wa Kinshasa, maana Kasapa, gereza la Lubumbashi, ni yetu, na yaliyowapata wanawake mle ndani Septemba 2020, wafungwa walipoasi, wamama wa jumuiya hawapendi kuyasimulia mbele ya watoto.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 2 Septemba, mahakama kuu ya kasasio ikamhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa Sheria, miaka mitatu ya kazi ngumu. Kesi ilihusu dola milioni 19 za kujenga gereza Kisangani. Mwenyewe alikana, akasema ni njama za kisiasa. Siandiki haya ili tumshangilie aliyeanguka, kwa kuwa furaha ya namna hiyo ni ya bei rahisi sana. Naandika kwa sababu siku ile nilikuwa napita na bahasha ya mchango wa wafungwa, faranga za wajane, na mtu mmoja akaniuliza mlangoni pake: “Mwalimu, hii yetu inaziba tundu la nani?” Sikuwa na jibu. Alitoa hata hivyo, Mungu ambariki.

Tundu lina mwenyewe. Nadhani ndiyo maana Luka hakuishia kwa askari. Shukeni hadi mstari wa 19 na wa 20: Yohane anamkemea Herode kwa maovu yake yote, na Herode anamfunga gerezani. Mhubiri wa kanzu mbili akawa mfungwa, kwa sababu hakuishia kwenye kanzu. Angeishia pale, Herode mwenyewe angemletea mchango wa nguo.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya zamani. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa mitaani. Hapo ni mtu wa kanzu mbili. Lakini mkate wake aliupata kwenye ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, na hapo akawa mtoza ushuru wa Luka 3: walimletea pesa apitishe chakula kilichoharibika, akakataa. Julai 2007 walimuua. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana wa Kinshasa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri kule Roma. Kama angepitisha mzigo ule, kisha akawanunulia watoto wake wa mitaani mikate kwa pesa ile ile, nani kati yetu angemlaumu? Nadhani tungemtaja katika matangazo.

Yule ofisa wa bariere sijui jina lake, na sitaki kulijua. “Tutaona” yangu ndiyo inayonirudia nikikoroga sufuria.

Jumapili hii zamu ni yangu. Maharagi yako kwenye maji tangu jana, na Mama Katibu Msaidizi ataleta sabuni. Nimenunua daftari la kurasa 48. Tutaandika jina la kila tunayemkuta, siku aliyoingia, na kosa aliloambiwa. Mlango huenda ukafungwa, nimeshawaambia wamama, na wawili wameniomba tungoje kwanza tupate karatasi ya ruhusa. Wana haki, nami nimeanza kuitafuta. Lakini Kifaransa cha prokireri, mwendesha mashtaka wa serikali, si kile cha darasa la sita: mwenye kukijua, au mwenye ndugu wakili, tuonane chini ya mwembe baada ya misa ya kwanza.