Plagi ya fraki gereji: jaribio la 14 limeshika psi 7,000

Plagi ya fraki ni kizibo kinachoshushwa ndani ya kisima cha mafuta kutenganisha zoni moja na nyingine wakati mwamba unapasuliwa kwa maji ya presha (kufraki), na mimi naijaribu kwa kipimo kidogo gereji. Jana usiku saa nne kasoro jaribio la 14 limekubali. Mshale wa geji ulishuka kidogo dakika za mwanzo mpira wa plagi ulipokua unatulia, nikaongeza pampu mbili, afu ukasimama kwenye psi 7,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba). Dakika 30 nzima nimekaa na tochi naangalia mdomo wa chini wa bomba nasubiri tone na tone halikuja. Miezi minne wadau, nilitaka kumwamsha mke wangu.

Bomba la majaribio ni lile lile, milimita 50 kwa ndani, ukuta 12.5, plagi 46.8. Vipimo nimevishusha kutoka kesingi (bomba la chuma linalokaa kisimani) ya inchi 5 na nusu ya pauni 23 kwa futi, ambayo ndani ina inchi 4.670, na plagi ya inchi 4.375, zile tunazoshusha kila siku huku Odessa, Texas. Kwa hiyo kati ya plagi na ukuta kuna uwazi wa milimita 1.6 kila upande, na kwa wiki nyingi akili yangu yote ilikua kwenye hiyo 1.6.

Kuanzia jaribio la 6 mpaka la 13 mambo yalikua yale yale: nakaza, mpira unavimba mpaka unagusa ukuta, bolti ya shaba, iliyowekwa ili ikatike mpira ukishajaa, inakatika pale pale ninapotaka, nadondosha gololi kwenye kiti chake, napampu, 3,000 safi, 4,000 safi, ikikaribia 4,500 nasikia tsss na mshale unaanza kurudi. Nikaulaumu mpira, kama kila mtu anavyoulaumu. Nikatoka NBR nikaenda HNBR (aina mbili za mpira unaovumilia mafuta), nikatoka ugumu wa 80 nikaenda 90, na hiyo 90 ikaleta balaa lingine kwa sababu inataka nguvu nyingi kuvimba, bolti inakatika mpira haujajaa, nikanenepesha bolti, koni za plagi nazo zikaanza kukwaruzika, hela inaenda na 4,500 iko pale pale. Nilichukia kweli kweli.

Kilichonisaidia ni kuachana na geji na kukaa na mabaki. Nilikua sijatupa hata mpira mmoja, nikaipanga yote mezani chini ya taa. Kila mmoja una ulimi. Ulimi mwembamba, upana kama ukucha wa kidole gumba, upande mmoja unang'aa na upande mwingine umechanika. Nilikua nimeziona hizo ndimi toka mwanzo ila nilichukulia ni kingo zimeliwa tu. Jaribio la 13 nikachora mstari wa chaki kwenye mhimili kabla ya kufunga, na nilipoitoa plagi ulimi ulikua umeota mbele kabisa ya mkato wa ringi ya kuzuia, ile inayokaa pembeni ya mpira ili usijipenyeze nje.

Sasa pigeni hesabu. Ringi ina mkato ili iweze kutanuka ifike ukutani. Ikitoka kipenyo cha 46.8 kwenda 50, mzunguko unaongezeka karibu milimita 10, na hizo 10 zote zinakua uwazi pale kwenye mkato. Yani nimeziba 1.6 kuzunguka bomba zima afu nimeacha mlango wa milimita 10 wazi. Hakuna ugumu wa mpira utakaozuia hapo.

Dawa yake inajulikana, ringi mbili zinazopishana, mkato wa moja unafunikwa na mwili wa nyingine, kwenye pakeri (vizibo vingine vya kisimani) zipo siku nyingi. Na nilishazijaribu jaribio la 11! Ziliposhindwa nikazitoa nikaona hazina maana. Kumbe ninavyokaza nati ringi zinazunguka, na mikato miwili ikishakutana ni kama una ringi moja. Safari hii nimetoboa ringi ya juu nikaweka pini ya chuma ya milimita 2 inayoingia kwenye mfereji wa ringi ya chini, mikato inabaki pande mbili tofauti upende usipende. Basi. Pini ya milimita 2.

Pampu ya mkono nasema tena ni bora kuliko ya umeme kwa kazi hii, ukianza kuvuja mkono unajua kabla ya geji. Na geji nataka ya mshale, ile ya namba inarukaruka huwezi kuona presha inavyotambaa. Hewa toeni yote, inamisha bomba mpaka yatoke maji matupu, kwa sababu kwenye 7,000 plagi ndogo kama hii inasukumwa na karibu tani 10, ukibakiza hewa nyuma yake umetengeneza bunduki. Mimi nakaa nyuma ya bamba la chuma siku zote.

Nalikazania hili kwa sababu nimeona picha za kamera ya kisimani, plagi imevuja kidogo tu wakati wa kufraki na mchanga umekula kesingi pembeni yake mpaka imebaki kovu refu. Maji yaliyotakiwa kupasua zoni mpya yamerudi kwenye zoni iliyokwisha kufrakiwa. Kazi ya watu wengi inapotea hapo.

Mpango ulikua nihamie kwenye meno, yale yanayoing'ata kesingi plagi isisogee, nibandike vibonye vya kauri. Nimeyaacha. Jumamosi nilibadilisha ile fimbo ndani ya hita ya maji, fimbo ya magnesi (magnesium), na plagi nyingi zinazoyeyuka zenyewe kisimani kazi ikiisha ni magnesi iliyochanganywa na nikeli au shaba kidogo ili iliwe haraka kwenye maji ya chumvi yenye joto. Nikakata pete, nikaitia kwenye chupa ya maji ya chumvi: viputo vichache, vya uvivu. Nikaizungushia waya wa shaba, maji yakachemka viputo kama soda (ni haidrojeni, mlango wa gereji nimeuacha wazi na moto marufuku).

Halafu ndo nikakumbuka pini yangu. Ni chuma. Nikitengeneza ringi za magnesi, tundu la pini ndo litaliwa kwanza, ringi zitazunguka kabla kufraki zoni hiyo hakujaisha. Kwa hiyo leo nakereza pini kutoka kwenye fimbo ile ile ya hita, naanza na milimita 3 maana ni laini kuliko chuma.